Tafuta Kwanza Kikwazo Kinakaa Wapi

Kila aliyewahi kuandaa masomo ya mtandaoni kwa Articulate Storyline, Adobe Captivate, iSpring au H5P anaijua hali hii. Somo limekamilika kwenye kompyuta ya mwandaaji, kila kitufe kinaitika na maswali yanatoa alama sahihi. Likipandishwa kwenye mfumo wa chuo, hospitali au wizara, mambo yanaharibika. Mwanafunzi amemaliza, mfumo unasema bado. Aliyefika katikati jana anajikuta nyuma leo. Sauti haitoki kwenye simu. Hapo ndipo mbio za kutafuta njia ya mkato zinapoanza: kigezo (variable) kipya huku, mistari michache ya JavaScript kule, au kufungua faili zilizokwisha kuchapishwa na kuzihariri kwa mkono.

Sizipingi njia za mkato. Hakuna programu ya kuandalia masomo iliyowahi kutosheleza mahitaji yote ya mwalimu, na wengi wetu tumeijua kazi hii kwa kuhangaika na yale ambayo programu haikuweza kuyafanya. Ninachokipinga ni kuanza kurekebisha kabla ya kujua tatizo linakaa wapi. Somo la mtandaoni hupitia ngazi tano kabla ya kumfikia mwanafunzi: programu iliyoliandaa, kiwango kilichotumika kulifungasha, mfumo wa kusimamia mafunzo, ambao wengi tunauita LMS, kisha kivinjari, na mwisho simu au kompyuta ya mwanafunzi pamoja na mtandao wake. Kila ngazi ina mipaka yake. Programu ya kuandalia ndiyo hubebeshwa lawama zote kwa kuwa ndiyo tunayoitazama kutwa nzima, ilhali mara nyingi kikwazo kiko ngazi nyingine kabisa. Marekebisho yakiwekwa kwenye ngazi isiyo na tatizo, tatizo linabaki pale pale, na mwenye kuyarithi marekebisho hayo anakuwa na matatizo mawili.

Herufi 4,096

Tuanze na kikwazo kinachowasumbua wengi bila wao kukijua kwa jina. Kiwango cha SCORM 1.2 kilitolewa Oktoba 2001 na ADL, mpango ulioanzishwa mwaka 1997 chini ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ili somo lililotengenezwa kwa programu ya kampuni moja liweze kuendeshwa na mfumo wa kampuni nyingine. Zaidi ya miaka 20 baadaye, bado taasisi nyingi zinadai masomo yao yaletwe kwa kiwango hicho hicho. Somo hufungwa kwenye faili la ZIP lenye orodha ya yaliyomo, imsmanifest.xml. Mwanafunzi anaposoma, somo huiandikia LMS mambo machache: alama, hali ya maendeleo, muda, na sehemu moja iitwayo suspend_data. Sehemu hiyo ndiyo kumbukumbu ya somo lenyewe. Humo huandikwa ni slaidi ipi imeonwa, ni jibu lipi limechaguliwa na kila kigezo kina thamani gani. SCORM 1.2 iliipa nafasi ya herufi 4,096.

Chukua mfano wa kozi ya kuzuia maambukizi kwa wahudumu wa afya. Ina slaidi 90, picha zenye sehemu za kubofya, maswali 25, na visanduku ambamo mhudumu anaeleza kwa maneno yake hali ya wodi yake. Mwandaaji ameiagiza programu ikumbuke kila slaidi jinsi ilivyoachwa. Muuguzi anaifungua kozi akiwa zamu ya usiku. Akifika slaidi ya 58, zile herufi zimejaa. LMS inayoshika sheria inakataa kupokea zaidi, na somo halimwambii chochote. Vitufe vinaendelea kuitika na slaidi zinaendelea kupita. Anafika slaidi ya 80, anafunga simu, anaenda kuangalia wagonjwa. Kesho yake kozi inamfungulia slaidi ya 58, kwa sababu hiyo ndiyo rekodi ya mwisho iliyokubaliwa. Anarudia zile slaidi 22, anatoka, na akirudi yuko 58 tena.

Dalili iko hapo hapo. Kasoro ya mtandao hutokea mahali popote: leo slaidi ya 12, kesho ya 71. Kasoro ya ujazo hujirudia karibu na mahali pale pale, na huwapata zaidi wale wanaoandika majibu marefu. Mwandaaji anayeuliza wanafunzi kumi walikwama wapi, akaandika majibu yao kwenye karatasi, huwa ameshafika nusu ya uchunguzi kabla ya kugusa kompyuta. Nusu ya pili ni kupandisha kifurushi kile kile kwenye SCORM Cloud ya Rustici Software, mahali pa majaribio panapoonyesha kila ujumbe unaopita kati ya somo na mfumo. Kikifanya kazi huko na kugoma kwenu, chunguza LMS yenu. Kikigoma kote kuwili, chunguza somo.

Ugonjwa ukishajulikana, dawa ziko katika kila ngazi, na bei zake hazifanani. Kwenye kiwango, unaweza kuhamia SCORM 2004 toleo la 3 au la 4, ambako nafasi hiyo iliongezwa hadi herufi 64,000, ikiwa LMS yenu inalipokea toleo hilo ipasavyo. Kwenye LMS, Moodle ina mpangilio unaomruhusu msimamizi kulegeza sharti la SCORM 1.2 ili herufi zaidi ya 4,096 zihifadhiwe. Ni tiki moja tu, na inatibu kozi zote za taasisi kwa mkupuo. Kwenye programu, slaidi za maelezo tu zinaweza kuagizwa zianze upya kila zinapofunguliwa, ikabaki kumbukumbu ya maswali peke yake. Na kwenye somo lenyewe, kozi inaweza kukatwa vipande vya dakika kumi hadi kumi na tano, kila kipande na kifurushi chake.

Ningeshauri kuanza na hiyo ya mwisho. Kozi iliyokatwa vipande hupakuliwa kwa bando dogo, humalizika kabla umeme haujakatika au mgonjwa hajaita, na ikiharibika huharibika kipande kimoja. Ina gharama yake, na ni haki kuitaja: vigezo havivuki kutoka kifurushi kimoja kwenda kingine. Ikiwa mtihani wa mwisho unategemea uamuzi ambao mwanafunzi aliufanya kwenye kipande cha kwanza, mpango mzima wa somo lazima ufikiriwe upya. Hata hivyo, kazi hiyo ni ya mwalimu na inafanyika kwa kalamu, na matokeo yake hayatategemea mtu mmoja anayejua msimbo.

Mwanafunzi anapofunga dirisha

Kikwazo cha pili kinakaa kwenye kivinjari. Kwa miaka mingi masomo yalizoea kusubiri mpaka mwanafunzi afunge dirisha, ndipo yatume kila kitu kwa LMS katika ile sekunde ya mwisho. Februari 2020, toleo la 80 la Chrome lilizuia ukurasa unaofungwa kutuma ujumbe wa namna hiyo, ule unaomlazimisha mtumiaji asubiri mpaka seva ijibu. Lengo lilikuwa jema, kwani kurasa zilikuwa zinagandisha kompyuta za watu. Lakini masomo ambayo hayakuguswa kwa miaka yakaanza kupoteza alama baada ya hapo, na wasimamizi wakaanza kupokea malalamiko ya wanafunzi waliomaliza na kuonekana hawajamaliza.

Kwenye simu hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa simu haina desturi ya kufunga dirisha. Mtu hupigiwa, hubonyeza kitufe cha kurudi mwanzo, hufungua WhatsApp, na simu yenye kumbukumbu ndogo hukiua kivinjari kimya kimya ili ipate nafasi. Sekunde ya mwisho iliyokuwa ikisubiriwa haiji.

Nimeona waandaaji wakijibu tatizo hili kwa onyo jekundu kwenye slaidi ya mwisho: usifunge kabla ya kubofya kitufe cha kutokea. Onyo linamtupia mwanafunzi kazi ya mashine, na aliyepokea simu ya nyumbani katikati ya somo hatalikumbuka. Jibu la kudumu ni kuhifadhi mapema. Somo liagizwe kuiandikia LMS baada ya kila swali, na kila mwisho wa sehemu, kisha liombe rekodi ihifadhiwe papo hapo. SCORM 1.2 ina amri ya kazi hiyo, LMSCommit, na programu kadhaa huiita zenyewe zikipangwa vizuri. Pale ambapo programu haiiti, hapo ndipo mstari mmoja wa JavaScript uliofungwa kwenye kitufe cha kuwasilisha jibu unapofaa.

Amemaliza au amefaulu?

Kuna mzozo mmoja unaojirudia kati ya waandaaji na idara za rasilimali watu. Idara inataka kujua mambo mawili: nani amemaliza kozi na nani amefaulu mtihani. SCORM 1.2 ina kisanduku kimoja tu cha hali. Ndani yake linaingia neno moja: aliyefaulu, aliyefeli, aliyemaliza, asiyemaliza, aliyepitia juu juu, au asiyeanza. Mtu aliyesoma kila ukurasa kisha akakosa alama moja ya kufaulu hana neno linalomfaa. Akiandikwa amefeli, mifumo mingine humfungia mlango. Akiandikwa amemaliza, cheti hutoka kwa asiyestahili. SCORM 2004 ilitenganisha mambo hayo katika visanduku viwili, na huo ni ushahidi kwamba waliotunga kiwango waliliona tatizo.

Kwa anayelazimika kubaki na 1.2, njia ya kupita ipo na haihitaji msimbo. Alama zina kisanduku chao. Basi somo litoe taarifa ya kumaliza peke yake, litume alama kama zilivyo, na uamuzi wa kufaulu uachiwe LMS iliyowekewa alama ya chini inayokubalika. Siku wizara ikipandisha kiwango cha kufaulu kutoka 70 hadi 80, msimamizi atabadilisha namba moja kwenye mfumo, bila mtu kufungua faili la somo, kulichapisha upya na kuwapotezea wanafunzi rekodi zao. Pale ambapo hali ya kufaulu lazima itoke kwenye somo, chagua jozi ya kufaulu na kutomaliza, ili aliyekosa alama abaki na mlango wazi wa kurudia.

Skrini ya simu na bando la mwanafunzi

Mwaka 2005, AMREF, Baraza la Wauguzi la Kenya na kampuni ya Accenture walianzisha mpango wa kuwapandisha wauguzi takriban 22,000 kutoka ngazi ya cheti hadi diploma kwa njia ya kielektroniki. Wauguzi hao walisomea kwenye kompyuta zilizowekwa vituoni. Muuguzi wa leo anasomea kwenye simu iliyo mkononi mwake, na programu nyingi za slaidi zilibuniwa kwa ajili ya kompyuta ile ya kituoni.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua slaidi ya Storyline yenye upana wa pikseli 720. Simu nyingi za Android, zikishikwa wima, humpa mwandaaji upana wa takriban 360. Slaidi nzima inasinyaa nusu, na maandishi ya ukubwa wa 18 yanasomeka kama ya 9. Jedwali la dozi lililopendeza kwenye kompyuta linakuwa vumbi. Kumwambia mwanafunzi alaze simu kunasaidia kidogo, wala hakumsaidii anayesoma kwa mkono mmoja ndani ya daladala.

Hapa programu yenyewe ndiyo kikwazo, na kubadilisha programu ni jibu halali. Masomo ya kusoma na kujibu maswali mepesi yanatosheka na zana zinazojipanga upya kulingana na skrini, kama H5P, Rise au Adapt. Zana ya slaidi ibaki kwa kazi inayoihitaji kweli: igizo lenye maamuzi, mashine ya kuonyeshwa sehemu zake, hatua za mkono zinazopaswa kuonwa. Taasisi inayong'ang'ania zana moja kwa kila kozi, kwa kuwa leseni yake inagharimu zaidi ya dola 1,000 za Marekani kwa mwaka kwa mtumiaji mmoja, inamlipisha mwanafunzi gharama ya uamuzi wake.

Na bando nalo lipigiwe hesabu kabla ya kurekodi chochote. Sauti ya mtu anayeongea, ikibanwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde, hula takriban kilobaiti 240 kwa dakika. Video ya megabiti moja kwa sekunde hula megabaiti 7.5 kwa dakika hiyo hiyo, zaidi ya mara 30. Video ya mhadhiri aliyesimama mbele ya ubao haimfundishi mwanafunzi mara 30 zaidi ya sauti yake pamoja na picha tatu nzuri. Kumbuka pia kwamba vivinjari vya simu, na tangu Aprili 2018 hata Chrome ya kompyuta, kwa kawaida havichezi sauti yenyewe kabla mtumiaji hajagusa ukurasa. Waandaaji wengi wamehangaika kutafuta hila ya kukipita kizuizi hicho. Weka kitufe kikubwa cha kuanzia kwenye slaidi ya kwanza. Mguso mmoja unatosha, na somo halijapungukiwa na kitu.

Programu isiyojua Kiswahili

Anayeandaa masomo kwa Kiswahili ana vikwazo ambavyo miongozo ya kigeni haivitaji. Cha kwanza ni maneno ya programu yenyewe. Somo zima linaongea Kiswahili, halafu kitufe na ujumbe wa kosa vinakuja kwa Kiingereza. Programu nyingi zinaruhusu maneno hayo kubadilishwa na kuhifadhiwa kama faili. Lifanyeni mara moja, mkubaliane kama taasisi iwapo ni “Wasilisha” au “Tuma”, “Endelea” au “Mbele”, kisha faili hilo litumike na kila mwandaaji. Mwanafunzi anayehama kutoka kozi moja kwenda nyingine asikutane na lugha mpya ya vitufe kila mara.

Cha pili hakionekani kwa macho, na kinamuumiza mwanafunzi asiyeona. Kila ukurasa wa wavuti hutangaza lugha yake ndani ya msimbo. Ukurasa uliochapishwa na programu iliyopangwa kwa Kiingereza hujitangaza kuwa wa Kiingereza, hata kama maandishi yote ni ya Kiswahili. Programu ya kusomea skrini inaamini tangazo hilo na kuyasoma maneno yetu kwa matamshi ya Kiingereza, mpaka yasieleweke. Sauti za Kiswahili zipo: programu ya kusomea skrini ya NVDA inaipata kupitia eSpeak NG, na simu za Android zinayo ya Google. Kinachokosekana ni herufi mbili, sw, mahali pa en. Pale programu inapokuwa na mpangilio wa lugha, tumia huo. Pale isipokuwa nao, kuhariri faili la mwanzo la kifurushi ni njia ya mkato halali, lakini iandikwe kwenye orodha ya hatua za uchapishaji, kwa sababu kila somo likichapishwa upya, en inarudi.

Cha tatu ni maswali ya kujaza nafasi. Zana nyingi hulinganisha jibu na orodha ya majibu yaliyoandikwa kimbele. Ukikubali “ninasoma” peke yake, unamkosesha aliyeandika “nasoma”. Wengine hukimbilia mpangilio unaosamehe makosa madogo ya tahajia, kama ule wa H5P. Kwa Kiswahili msamaha huo ni hatari: kati ya “anasoma” na “unasoma” kuna herufi moja tu, na herufi hiyo ndiyo iliyobeba mtendaji. Zana itampa alama kamili aliyekosea kile hasa kilichokuwa kikipimwa. Somo la sarufi liorodheshe majibu yanayokubalika moja baada ya jingine, na msamaha wa tahajia uzimwe.

Msimbo wa ziada uwekwe wapi

Kuna siku hakuna mpangilio wala mbinu ya ufundishaji inayotosha, na msimbo unahitajika. Sina ugomvi nao. Nina masharti matatu.

Kwanza, uwekwe ndani ya mradi, usiwekwe kwenye faili zilizochapishwa. Storyline, kwa mfano, inaruhusu JavaScript kufungwa kwenye kitufe au slaidi, na inatoa njia rasmi ya kusoma na kuandika vigezo, GetPlayer pamoja na GetVar na SetVar zake. Kilichowekwa hapo kinasafiri na mradi. Kilichobandikwa kwenye faili la matokeo hufutika mtu anaporekebisha kosa la tahajia na kuchapisha upya.

Pili, utumie milango iliyotangazwa na waliotengeneza programu. Wapo mafundi hodari wanaochimbua ndani ya programu, wakatafuta majina ya siri ya vitu na kuvisogeza. Hufanya kazi, mpaka toleo jipya litoke na majina yabadilike.

Tatu, uandikwe maelezo kwa lugha ya kawaida: msimbo huu unafanya nini, kwa sababu gani, kikwazo kilikuwa ngazi gani, na lini unaweza kuondolewa. Nimewahi kukabidhiwa kozi ya taasisi moja yenye mistari ya msimbo ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa, kwa kuwa aliyeiandika alikwisha hama kazi. Ilikuwa inarekebisha kasoro ya toleo la LMS ambalo taasisi hiyo haikuwa ikilitumia tena. Ukurasa mmoja wa maelezo ungewaokolea watu wengi muda mwingi.

Mahali pasipovukwa

Lipo pia jambo ambalo hakuna hila inayolitatua, na mwandaaji mwaminifu anapaswa kulisema mezani mapema. Somo la SCORM linaendeshwa ndani ya kivinjari cha mwanafunzi. Majibu sahihi yamo ndani ya faili alizopakua, na alama huhesabiwa kwenye kifaa chake kabla ya kutumwa. Mwenye ujuzi wa wastani anaweza kufungua dirisha la wasanidi la kivinjari na kuiambia LMS kwamba amepata 100. Kuficha msimbo au kuvuruga majina ya faili kunamchelewesha tu. Mtihani unaoamua leseni ya udereva wa magari ya abiria, cheti cha uuguzi au kupanda daraja la kazi usiwekwe humo. Uwekwe kwenye sehemu ya mitihani ya LMS yenyewe, ambako maswali hutolewa kwenye benki na majibu husahihishwa kwenye seva, na kwa mitihani mikubwa, mbele ya msimamizi. Somo la SCORM libaki kuwa mahali pa kujifunza na kujipima.

Mtandao nao ni hivyo hivyo. Mahali ambapo intaneti haipo kwa saa nyingi za siku, kifurushi kilichoundwa kuongea na seva kila dakika hakitageuzwa kwa mistari ya msimbo kikawa cha nje ya mtandao. Badilisha njia ya kulifikisha somo. Programu ya simu ya Moodle inaweza kupakua kifurushi cha SCORM 1.2, kikasomwa bila mtandao, na alama zikatumwa mtandao unaporudi. Programu ya masomo ya Kolibri, kutoka Learning Equality, ambayo inapatikana kwa Kiswahili pia, huendeshwa kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi na kuhudumia darasa zima bila intaneti. Nayo inapokea H5P na kurasa za HTML5 zilizofungwa pamoja. Uamuzi huo ukifanyika kabla ya kuchagua programu ya kuandalia, unaokoa fedha. Ukifanyika baada ya kozi kukamilika, unaanza upya.

Faili mama na mkataba

Tarehe 31 Desemba 2020 Adobe ilisitisha rasmi Flash Player, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 ikazuia maudhui ya Flash yasiendeshwe humo. Authorware, iliyokuwa zana ya heshima katika fani hii, ilikuwa imekwisha achwa na Adobe tangu mwaka 2007. Walioumia zaidi ni waliokuwa na vifurushi vilivyochapishwa bila faili za mradi. Kifurushi hakirudi kuwa mradi. Aliyekuwa na faili mama, maandishi kwenye nyaraka za kawaida na sauti zilizorekodiwa kabla ya kubanwa, aliweza kulijenga somo upya kwa zana nyingine. Asiyekuwa nazo alilipa mara ya pili kwa kitu kile kile.

Taasisi zetu zinaendelea kulipia kozi na kupokea ZIP peke yake. Mkataba wa kuandaliwa kozi useme wazi kwamba mteja atakabidhiwa faili la mradi, maandishi yote, sauti na picha asilia, leseni za fonti na picha, pamoja na ule ukurasa wa maelezo ya kila njia ya mkato iliyotumika. Hayo yote hayamgharimu mwandaaji mwadilifu chochote cha ziada, maana anayo tayari kwenye kompyuta yake.

Na mkataba huo huo uongeze sharti moja la mwanzo. Kabla ya maandishi kukamilika, kabla ya msomaji wa sauti kuingia studio, mwandaaji atengeneze kifurushi cha slaidi tano: moja yenye sauti, moja yenye swali, moja yenye kisanduku cha kuandika, moja yenye jedwali na moja ya kumalizia. Kipandishwe kwenye LMS halisi ya taasisi, kifunguliwe kwenye simu ya bei nafuu inayotumiwa na wanafunzi wenyewe, kwa bando la kawaida, kikatizwe katikati kwa simu inayoingia, kisha kifunguliwe tena kesho yake. Kila ngazi kati ya zile tano itaonyesha mpaka wake ndani ya siku mbili, wakati kubadilisha zana, kiwango au mpango wa somo bado ni maamuzi ya kikao kimoja. Vikwazo vingi nilivyovieleza hapa hugunduliwa baada ya uzinduzi kwa sababu hakuna aliyeagizwa kuvitafuta mapema. Anayelipia kozi ana haki ya kuagiza, na wanafunzi watakaoitumia wanastahili aitumie haki hiyo.